Mnyauko wa migomba: Matokeo ya majaribio nayo yavuke mpaka

Mkungu wa matoke uliokatwa alfajiri katika kijiji cha Uganda unaweza kuwa sokoni Busia ya Kenya kabla jua halijatua, na kesho yake ukawa Kisumu au Nairobi. Hiyo ndiyo biashara yetu. Imelisha nyumba nyingi na kulipa karo za watoto wengi pande zote mbili za mpaka. Lakini kuna msafiri mwingine anayepita njia hiyo hiyo bila kulipa ushuru wala kuonyesha kitambulisho. Msafiri huyo ni mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao Waganda huuita kiwotoka.

Tunauzungumzia leo kwa sababu dawa yake inajulikana, na dawa hiyo haikutoka katika chupa. Ilitoka katika majaribio ya shambani: watafiti na wakulima walijaribu njia mbalimbali, wakahesabu, wakalinganisha, na mwishowe wakajua ipi inafaa na ipi ni kuwachosha watu bure. Jambo la kusikitisha ni kwamba mafunzo ya kilimo kwa kawaida humfuata mkulima aliye na shamba. Mchuuzi anayekata ndizi kwa panga lake mwenyewe na ndugu aliyerejea nyumbani na miche begani husahaulika. Hao wawili ndio wenye uwezo mkubwa wa kueneza ugonjwa huu, na hao hao ndio wenye uwezo mkubwa wa kuuzuia.

Kwanza tukumbushane ulikotoka. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, katika mmea wa enseti ambao ni jamaa ya mgomba, na mwaka 1974 wakauona katika ndizi za huko huko. Kwa miaka mingi haukusikika kwingine. Kisha mwaka 2001 ukaonekana Uganda katika wilaya ya Mukono, na mwaka huo huo Kongo ya mashariki, huko Masisi katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2005 ukawa Rwanda. Mwaka 2006 ukathibitishwa Tanzania mkoani Kagera, na mwaka huo huo ukaingia Kenya.

Uliingilia wapi Kenya? Haukuingilia Mombasa wala Nairobi. Ulionekana katika wilaya za Teso na Busia kama zilivyoitwa wakati ule, ambazo leo zimo katika Kaunti ya Busia. Yaani uliingilia hapa kwetu. Yeyote anayefahamu jinsi watu wa Tororo, Malaba na Busia wanavyooana, kuzikana na kuuziana hatashangaa. Hapa ndipo bodaboda ilipozaliwa, baiskeli ya kumvusha mtu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mahali panapovuka watu na mizigo kiasi hicho, na magonjwa ya mimea huvuka.

Ugonjwa wenyewe unaletwa na bakteria. Majani hugeuka manjano na kunyauka kama yaliyoungua. Ule moyo wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu hukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, moja manjano na jirani yake bado kijani. Ukilikata shina hutokwa na ute wa rangi ya manjano, na ukiipasua ndizi huikuta nyama yake ina madoa ya kahawia kama kutu. Hapo mchuuzi aelewe vizuri: mkungu unaweza kuonekana mzima kwa nje, ukaununua ukiwa kijani na kuulipia usafiri, kisha mteja wako akaumenya na kukurudishia. Hasara ya ugonjwa huu haiishii kwa mkulima.

Huenea kwa njia tatu kubwa. Njia ya kwanza ni wadudu, hasa nyuki na wenzake, wanaotembelea ule moyo wa mgomba na kubeba bakteria kutoka ua hadi ua. Ndizi ya kayinja, ile ya kutengenezea juisi na pombe, hushambuliwa sana kwa njia hii. Tena nchi yetu hii, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, ina joto linalowapendeza wadudu hao kuliko milima ya juu. Njia ya pili ni vifaa: panga, kisu na jembe vilivyogusa mgomba mgonjwa kisha vikagusa mzima. Njia ya tatu ni miche. Mgomba unaweza kubeba ugonjwa kwa wiki au hata miezi bila kuonyesha dalili, na mtu akauchimbua mche kwa nia njema na kuupeleka kwa ndugu yake.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo lilipo funzo lenyewe.

Ugonjwa ulipoanza, amri ilikuwa moja: ng'oa. Mkulima aliambiwa kwamba akiona mgomba mmoja unaumwa, aling'oe shina lote, yaani mgomba mama pamoja na watoto wake wote, alichimbue hadi mizizi na kulizika. Amri hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwani watu waliogopa kwamba bakteria wamekwisha kuenea shina zima. Lakini ni nani angeitekeleza? Kuchimbua shina moja la migomba ya miaka mingi ni kazi ya wanaume wenye nguvu. Mjane mwenye mashina hamsini atafanya nini? Na chakula cha watoto kitatoka wapi wakati shamba limekuwa mashimo matupu? Amri isiyotekelezeka huzaa uficho. Mtu huona mgomba unanyauka akanyamaza, akauza upesi mikungu iliyobaki, na ugonjwa ukaendelea na safari yake.

Watafiti waliofanya kazi Uganda na Kongo ya mashariki hawakubaki kubishana ofisini. Walikwenda shambani na kuuliza swali rahisi: je, ni kweli kwamba mgomba mmoja ukiugua, watoto wake wote nao wamekwisha kuugua? Walifuatilia mashina yenye ugonjwa, wakakata mgomba mgonjwa peke yake, wakaacha mingine, wakarudi tena na tena kuhesabu. Walichokigundua kilibadili mambo. Bakteria hawaenei sawasawa katika shina zima, na machipukizi mengi hubaki na afya. Kwa hiyo mkulima akiukata ule mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, kwa panga lililosafishwa, na akarudi kila wiki kukata wowote mwingine unaoonyesha dalili, ugonjwa hupungua sana ndani ya miezi michache, huku shamba likiendelea kumlisha. Ni shamba lililozidiwa kabisa tu ambalo bado hufaa kung'olewa lote na kupandwa zao jingine kwa muda.

Tazama tofauti iliyoletwa na jaribio hilo. Kazi iliyohitaji wanaume wanne na siku nzima imekuwa kazi ya mama mmoja na panga lake asubuhi moja. Amri iliyomfanya mkulima afiche imekuwa shauri analoweza kulifuata bila kulala njaa.

Majaribio yalileta na shauri la pili. Moyo wa mgomba uvunjwe mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, ili wadudu wasipate pa kutua. Usikatwe kwa kisu, kwa sababu kisu chenyewe ni mbebaji. Uvunjwe kwa mti wenye panda, kijiti kirefu unachokipindisha kutoka chini. Kijiti hicho hakina gharama. Na kuna faida ya ziada ambayo mchuuzi ataipenda: mgomba usiolisha tena moyo hupeleka nguvu zake kwenye chane, na ndizi hujaa vizuri zaidi. Hapa kinga ya ugonjwa na ubora wa mkungu vinakwenda pamoja.

Shauri la tatu linahusu panga. Lipitishwe kwenye moto hadi chuma kiwe cha moto usioshikika, au lisafishwe kwa dawa ya kung'arishia nguo kama Jik iliyochanganywa na maji, kabla ya kuhamia shina jingine, na kwa vyovyote kabla ya kuhamia shamba jingine. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoutibu mgomba uliokwisha kuugua. Anayekuuzia chupa na kukuahidi uponyaji anakuibia, naye tumwambie hivyo bila haya.

Sasa tuseme na wachuuzi. Wengi wenu hamnunui ndizi barabarani. Mnaingia vijijini, mnapatana bei na mwenye shamba, kisha mnakata wenyewe. Kwa siku moja panga moja linaweza kuingia mashamba kumi. Majani yaliyokatwa shamba la kwanza hutumiwa kufunika mikungu na kutupwa popote gari linaposimama. Hatusemi hivi kuwalaumu. Hakuna aliyeamka asubuhi akikusudia kuua shamba la mtu. Lakini mchuuzi ndiye pekee anayeyagusa mashamba kumi kwa siku moja, na kwa hiyo dakika moja ya moto mkononi mwake ina thamani kuliko mikutano kumi ya kijiji.

Tunajua mtajibu kwamba lori linangoja na soko halingoji. Ni kweli. Lakini kuna njia nyepesi. Mwenye shamba awe na panga lake la kukatia ndizi, lisilotoka shambani, nanyi mlitumie hilo. Au kila kikundi cha wachuuzi kiwe na mapanga mawili, moja likiwa motoni wakati jingine linakata. Majani ya kufunikia yatoke kwenye shamba ambalo halijaonyesha dalili, na takataka zisimwagwe kando ya mashamba ya watu.

Wengine watanong'ona kwamba tukilitangaza jambo hili, serikali itafunga mpaka. Hofu hiyo si ya bure. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Zuio lilifunguliwa baada ya siku chache kwa masharti, lakini katika siku hizo chache malori yalipanga foleni na wenye mitaji midogo wakaumia. Hata hivyo tujiulize ni nini kilicholeta zuio lile. Lililetwa na shaka juu ya usalama wa bidhaa. Mchuuzi anayeweza kuonyesha kwamba kikundi chake kina kanuni ya panga safi na kwamba hukata katika mashamba yanayokaguliwa anajenga hoja ya kujitetea siku ya shida. Anayenyamaza hana hoja.

Tuje kwa ndugu waliorejea. Mpaka huu umeshuhudia watu wakivuka pande zote. Mapigano ya Teso yaliyoanza mwaka 1987 yaliwafukuza wengi kutoka makwao, na baadhi yetu tulikulia na kusomea Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka kuja Uganda na kupokewa Mulanda, hapa Tororo, kabla ya wengi kuhamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuuita mwingine mgeni.

Anayerudi nyumbani hukuta kiwanja kimeota msitu. Baada ya kusimamisha nyumba, hupanda mgomba, kwa sababu mgomba ni chakula, ni kivuli, na ni ushahidi kwa majirani kwamba mwenye boma yupo. Na miche hutoka kwa jamaa: shangazi wa ng'ambo humpa mitatu, mjomba humpa mingine. Ni desturi njema, na kumnyima mtu mche ni kama kumnyima maji. Hatusemi iachwe. Tunasema ipewe macho. Usichukue mche katika shamba lenye mgomba hata mmoja unaonyauka. Usiuvushe mpaka mche usiojua historia yake, bali tafuta mche safi karibu na unapopanda. Kama kiwanja chako kilikuwa na ugonjwa, ukishaondoa migomba yote kipumzishe angalau miezi sita kwa kupanda mahindi, maharage au viazi kabla ya kurudisha ndizi. Na mwenye uwezo anunue miche iliyozalishwa maabara. Kenya ilianza kuipeleka kwa wakulima wadogo tangu mwaka 1997 kupitia taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ambayo siku hizi ni KALRO. Ni miche safi, ila inadai maji na samadi inapokuwa michanga, nayo ikishapandwa huweza kuambukizwa kama mingine yoyote.

Wako wanaosema tungoje mbegu isiyougua. Utafiti huo upo. Tangu mwaka 2010 ndizi zilizoingizwa jeni za pilipili hoho zilijaribiwa Kawanda, Uganda, katika shamba lenye ulinzi, na baadhi yake zilionyesha kuustahimili ugonjwa. Lakini kutoka jaribio hadi bustani ya mkulima ni safari ndefu ya sheria na siasa. Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa mazao ya namna hiyo mwaka 2017 na tena mwaka 2018, na mara zote Rais hakuutia sahihi. Mtu anaweza kuunga mkono mbegu hizo au kuzipinga. Kijiti chenye panda na moto wa panga havihitaji mswada.

Nini kifanyike basi? Serikali mbili zilikubaliana kujenga kituo kimoja cha mpaka hapa Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wote wawili Februari 2018, ili lori lisikaguliwe mara mbili. Kama maofisa wa forodha wanaweza kuketi chini ya paa moja, maofisa wa kilimo nao wanaweza. Kenya ina kituo cha utafiti pale Alupe, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Uganda ina NARO na maofisa wa kilimo wa wilaya za Busia na Tororo. Tunapendekeza vipande vya majaribio vilivyo sawa pande zote mbili, vya kanuni zile zile, vilivyo kando ya barabara ambako mchuuzi anapita, si nyuma ya ua wa taasisi. Matokeo yaandikwe ubaoni kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kidhopadhola. Na katika siku za mafunzo, wachuuzi wa ndizi na viongozi wa vikundi vyao waalikwe kama washiriki, si kama washtakiwa.

Shule nazo zisikae pembeni. Sisi tuliosomeshwa Kenya katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kilimo kilikuwa somo la darasani na la shambani. Tulijifunza kwamba huwezi kusema samadi imesaidia kama hukuacha kipande kisicho na samadi cha kulinganishia. Ni somo dogo, lakini ndilo linalomtofautisha mkulima anayejua na anayeambiwa. Shule yoyote yenye migomba ishirini inaweza kuifanya kazi hiyo leo. Migomba kumi ipate samadi na matandazo, na kila shina lipunguzwe libaki na mama, mtoto na mjukuu. Kumi mingine itunzwe kama kawaida ya kijiji. Yote ivunjwe moyo kwa kijiti, maana kinga si jambo la kuchezea. Mikungu ipimwe kwenye mizani siku ya kuvuna na uzito uandikwe daftarini. Mzazi hatahitaji hotuba, ataisoma mizani mwenyewe.

Na vijiji viache mtindo wa kila mtu na lake. Mwenye shamba safi aliyepakana na mvivu hana shamba safi. Kamati ya kijiji ichague siku moja ya wiki ya kukagua migomba yote kwa pamoja, na nyumba ya mzee au mgonjwa isiyo na mtu wa kukata ikatiwe. Mbuzi na ng'ombe wafungwe wasile migomba migonjwa na kuhamia mizima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa huu una umri wa zaidi ya miaka ishirini. Tunawataka maofisa wa kilimo wa pande zote mbili wakutane na vikundi vya wachuuzi wa Busia na Malaba kabla ya mvua zijazo, wakubaliane juu ya kanuni ya panga, na kuitangaza sokoni. Mvua zikianza watu wataanza kuhamisha miche, na mgomba utakaopandwa na ugonjwa utakuwa umekwisha kuvuka.